Kabla ya kodi, sikiliza mvumo

Dalsima ya milima ya Appalachia, ala ya nyuzi ya huko Marekani, hupakatwa, haikumbatiwi, na hapo ndipo sisi tuliotoka kwenye gitaa tunapoanza kukosea. Siku ya kwanza tu nilianza kuitafutia kodi, yaani sauti tatu zinazolia pamoja. Nyuzi ni tatu, nikaona kazi ndogo. Miezi miwili nikawa nabana kila uzi, na kilichotoka ni mlio wa gitaa dhaifu.

Wazee wa Kentucky, jimbo lililo kwenye milima hiyo, hawakuipiga hivyo. Walitelezesha kijiti juu ya uzi ulio karibu na tumbo, ule wa wimbo, na nyuzi nyingine wakaziacha zivume tangu mwanzo hadi mwisho. Mwimbaji Jean Ritchie, aliyezaliwa Viper, huko huko Kentucky, mwaka 1922 na baadaye akaifikisha ala hii New York, alikulia ndani ya mvumo huo. Freti zenyewe, yaani vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya ala, zimepangwa kwa ngazi ya do, re, mi, bila nusu sauti zote za gitaa, kwa hiyo hata mgeni huupata wimbo upesi. Mvumo ndio roho yake. Ukiuziba wote, umebaki na sanduku la mbao.

Sisemi kodi ziachwe. Nazipenda mno! Kaza nyuzi ziwe sauti za D-A-D, kuanzia uzi mnene hadi ule wa wimbo, kisha upige wimbo kwa kidole gumba peke yake. Ukifika freti ya 3 unapata G, na ukitulia hapo utaisikia A ya uzi wa kati ikikwaruzana nayo. Sasa weka kidole cha pete freti ya 1 kwenye uzi huo wa kati: A inakuwa B, mkwaruzo unaisha, na D nene bado inavuma chini. Hiyo ndiyo kodi ya G, 0-1-3 ukihesabu freti kuanzia uzi mnene, 0 ikiwa uzi usiobanwa.

Kwa kodi ya A wengi hufundisha 1-2-4. Ni kamili, lakini inaziba nyuzi zote. Mimi napendelea 1-0-1. Inakosa C#, sauti ya tatu ya kodi hiyo, ndiyo, ila A ya kati inabaki wazi na wimbo unapumua.

Anayeanza leo ningemwomba wiki mbili za gumba tu, bila chati ya kodi. Mkwaruzo wenyewe utamwonyesha pa kuweka kidole cha pili.