Kofia moja nyekundu, picha mbili

Kuna kofia nyekundu ninayoiona katika picha mbili. Ya kwanza imo kwenye kitabu chembamba cha historia ya vita, chenye michoro ya rangi, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Lubumbashi: askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji hapa Kongo, amesimama wima, sare ya buluu, mshipi mwekundu kiunoni, miguu peku, bunduki ya Albini mkononi. Ya pili ni mchoro tunaouita "Colonie belge", ambao zamani ulitundikwa kwenye sebule nyingi za mji huu. Humo mtu amelazwa chini, askari mwenye kofia ile ile anamchapa fimbo, na Mbelgiji anatazama.

Rafiki yangu anayefundisha historia sekondari hataki vitabu vya aina ya kwanza darasani kwake. Anasema vinaipamba vita: mtoto anajifunza vifungo na bunduki, na waliokufa wanabaki bila uso. Tumebishana sana juu ya hilo.

Mimi nawapa vijana vitabu hivyo, na nina sababu. Vita ya 1914–1918 tuliisoma kama jina la Jenerali Tombeur, Mbelgiji aliyeliongoza jeshi hilo, na tarehe ya kuingia Tabora, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, 19 Septemba 1916. Picha ya rangi inamtoa Mkongomani nyuma ya jina hilo na kumweka mbele, na uso wake na nyayo zake. Tena mchoraji wa vitabu hivi hachori kwa kukisia. Anafuata kanuni za sare, picha zilizopigwa wakati ule, silaha zilizohifadhiwa makumbusho. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda-Matulu, aliyesimulia historia ya nchi hii kwa picha kama 100 katika miaka ya 1970, alimchora Lumumba akiwa maiti na misalaba mitatu nyuma yake. Misalaba hiyo haikuwako siku ile. Iliwekwa na imani ya watu, na ndiyo inayoipa picha nguvu. Lakini kijana anayetaka kujua tukio lilivyokwenda anahitaji pia mkono unaohesabu vifungo.

Hata hivyo, kuna ukurasa mmoja unaomfanya rafiki yangu anishinde. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town. Zilipita hapa, wakati huo Elisabethville, zikashushwa Fungurume, kisha zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba ili zikapigane na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Wachoraji wanaipenda safari hiyo: mashine za mvuke, ng'ombe, boti za mahogani katikati ya pori. Kamanda Spicer-Simson, Mwingereza aliyeiongoza, yuko pale na sare yake. Ila mashine za mvuke zinakunywa maji, na maji yale yalibebwa kichwani na wanawake wa vijiji vya njiani. Hao hawana ukurasa. Hata wapagazi wa jeshi la Wabelgiji, zaidi ya 200,000 katika vita nzima, wanaonekana kama mstari mdogo wa watu kule mbali.

Katanga ya 1960 hadi 1963, mkoa wetu ulipojitenga na Kongo, ni vivyo hivyo. Fouga, ndege ya kivita ya Katanga iliyowashambulia askari Waayalandi wa Umoja wa Mataifa kule Jadotville (leo Likasi), Septemba 1961, inachorwa hadi alama za mkiani. Kambi ya makumi ya maelfu ya Baluba waliokimbilia ulinzi wa Umoja wa Mataifa mjini hapa, miezi ile ile, inapata sentensi moja.

Rafiki yangu anaiita dharau. Naona dharau imo, ila haielezi yote. Askari alipewa sare na ofisi, na ofisi huandika: kitambaa gani, rangi gani, vifungo vingapi. Miaka 100 baadaye mchoraji anayo karatasi ya kufuata. Mpagazi alikuja na nguo yake mwenyewe, na hakuna karani aliyeiandika. Ukimwachia mchoraji wa London kazi hiyo, atakisia, au atamchora mbali ili asikosee. Ndiyo maana siridhiki na kuvikataa vitabu hivi. Kurasa zinazokosekana zinachorwa na mtu aliye karibu, na Lubumbashi haijawahi kukosa wachoraji.

Mimi ningeanza na chungu cha maji. Shingo yake ilikuwa nyembamba au pana? Mama alikitegemeza kwa kata ya majani au ya kitambaa? Waliobeba mwaka 1915 wamekwisha kufa, lakini bibi wa Fungurume aliyefundishwa kufinyanga na bibi yake anaweza kukuonyesha kwa mikono, na mchoraji akiwa ameketi karibu naye na penseli.