Juu ya Kabati Si Mahali pa Bastola

Risasi ikitoka mikononi mwa mtoto ndani ya nyumba, neno la kwanza utakalosikia msibani ni kwamba hiyo ni mipango ya Mungu. La pili ni kwamba mtoto mwenyewe alikuwa mtundu. Mimi yote mawili siyakubali. Mungu hakuiacha bastola kwenye droo, na kutia mikono kila mahali ndiyo kazi ya mtoto tangu anapoanza kutambaa. Aliyeomba leseni, akahojiwa, akalipia na kukabidhiwa silaha ni mtu mzima mwenye jina na sahihi yake. Huyo ndiye wa kuulizwa.

Naandika nikiwa Moshi, na huku kwetu hadi Arusha silaha mikononi mwa raia si jambo la kusikia redioni. Kuna wafanyabiashara wa madini wanaotembea na mawe ya Mirerani mfukoni, wenye maduka ya jumla, wenye mashamba, na watu wa uwindaji wa kitalii. Ukienda pembezoni, magobore yapo, mengine hayajawahi kuandikishwa popote. Biashara ya tanzanite ina fedha taslimu nyingi na majambazi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo sibishani na anayeona anahitaji kujilinda. Ninachobishia ni silaha hiyo inalala wapi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuwasahau wamiliki. Maombi yanaanzia mtaani au kijijini, kwa watu wanaokufahamu, ndipo yanapanda ngazi za juu. Wanaangalia kama wewe ni mgomvi, mlevi, au una kesi. Ukishapewa, unatakiwa uitunze mahali salama. Maneno hayo "mahali salama" ndiyo yanayonikosesha usingizi, kwa sababu kila mmiliki anayatafsiri kwa jinsi chumba chake kilivyo.

Wengi niliozungumza nao wanaficha. Hawafungii. Kwao kuficha kunatosha. Chini ya godoro, ndani ya soksi, nyuma ya nguo za baridi, kwenye kiti cha gari. Na mahali panapopendwa kuliko pote ni juu ya kabati.

Tuangalie hilo kabati, maana nalifahamu vizuri. Liko chumba cha wageni nyumbani kwa mama mkwe, Kibosho. Ni la mninga, refu, juu yake kuna mabegi ya safari, ndoo ya rangi iliyobaki, na mfuko wa blanketi. Pembeni yake kuna kitanda chenye mbao ya kichwani iliyochongwa maua, na hayo maua ni ngazi tosha kwa mtoto wa miaka sita. Desemba nyumba ile inajaa. Wanakuja wa Dar es Salaam, wa Dodoma, wa Mwanza, kila gari likishusha watoto wasioijua nyumba wala mipaka yake. Wakubwa wako kwenye migomba nyuma, nyama inachomwa, mbege inazunguka, na watoto wamepewa nyumba nzima wacheze kombolela. Wanaojificha huingia wapi? Chumba cha wageni. Mpira wa soksi ukirushwa unatua wapi? Juu ya kabati. Mjomba aliyesafiri na bastola kwa sababu ya barabara, ameiweka hapo hapo kwa sababu ni juu, na anaamini juu ni mbali.

Wiki hiyo hiyo ya sikukuu, mjini kila mchuuzi anauza bastola za plastiki. Watoto wanazo mikononi kutwa nzima, wanapigana "risasi" na kucheka. Halafu mmoja anapanda kitanda na kukuta nyingine, nzito zaidi, inayong'aa zaidi.

Haya si mawazo yangu tu. Kuna utafiti uliofanyika Atlanta, Marekani, ukachapishwa mwaka 2001. Watafiti waliwaweka wavulana wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, kwenye chumba chenye droo, na ndani ya droo moja kulikuwa na bastola halisi iliyolemazwa isiweze kufyatua, ikiwa na kifaa cha kuonyesha kama triga, yaani kifyatulio, imevutwa. Vikundi vilikuwa 29. Vikundi 21 viliikuta, 16 kati ya hivyo vikaichezea, na katika vikundi 10 kuna mtoto aliyevuta triga. Karibu nusu ya wavulana walioiona walidhani ni kichezeo au hawakuwa na uhakika kama ni ya kweli. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta triga walisema walishawahi kufundishwa kuhusu hatari ya bunduki.

Hiyo sentensi ya mwisho nilimsomea shemeji yangu anayemiliki bastola, kwa sababu hoja yake kubwa ilikuwa adabu. "Shemeji, wanangu wanajua. Nimewaambia wasiguse, na nikisema nimesema." Ninamwamini kwamba amesema. Hata hao wa Atlanta waliambiwa. Mtoto akiwa mbele ya baba yake anakumbuka katazo, akiwa na binamu zake wawili chumbani anakumbuka mchezo. Na kama unadhani vidole vyake ni laini mno, utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 1995 ulipima nguvu za vidole: robo ya watoto wa miaka 3 hadi 4, na 7 kati ya kila 10 wa miaka 5 hadi 6, walikuwa na nguvu za kutosha kuvuta triga za bastola nyingi zilizokuwa sokoni.

Akaja na hoja ya pili, ambayo ndiyo nzito, na siwezi kuipuuza. "Nikiifungia kwenye kasha, majambazi wakivunja mlango saa nane usiku niwaambie wasubiri nitafute ufunguo?" Hofu hiyo ninaielewa. Kuna watu mji huu wameingiliwa na mapanga na hawajawahi kulala vizuri tena. Lakini yapo makasha madogo ya chuma yanayofunguka kwa namba au kwa alama ya kidole, unayafunga kwa bolti ukutani au sakafuni karibu na kitanda, na mkono uliozoea hulifungua kwa sekunde chache. Hebu linganisha na kusimama gizani, kuvuta kiti, kusogeza mabegi na ndoo ya rangi. Aliyeiweka juu ya kabati amejichelewesha mwenyewe na bado hajamzuia mtoto. Mwenye silaha ana hali mbili tu za kuchagua: iko mwilini mwake akiwa macho na timamu, au iko chini ya kufuli. Akienda kuoga, kufuli. Akinywa, kufuli, na ufunguo asiwe nao yeye.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba anachomoa magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi, kwa hiyo bastola haina kitu. Hapa nawaomba wote wenye ndugu wanaomiliki bastola wasome taratibu. Magazini ikitoka, risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, inabaki mle mle. Bastola nyingi zitaifyatua risasi hiyo hata kama magazini iko mezani. Ili iwe tupu kweli ni lazima uchomoe magazini kwanza, uvute nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayosogea, uone risasi ikiruka, kisha uangalie chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo, ukavuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, umejaza nyingine. Halafu risasi zikae sehemu yake, nazo zimefungiwa. Kuifungia silaha, kuitoa risasi, kuzifungia risasi, na kutenganisha vyote viwili: utafiti wa mwaka 2005 nchini Marekani ulionyesha kila kimoja cha hivyo kinaendana na kupungua kwa majeraha ya watoto na vijana, yakiwemo ya kujiua. Hili la vijana kujiua hatulizungumzi huku, tunaliita ugonjwa wa ghafla na kuzika haraka. Kijana aliyefeli au kuachwa anaweza kuwa na usiku mmoja mbaya sana. Usiku huo usimkute na ufunguo wa baba.

Sasa swali la adhabu, ambalo linawagawa watu hata kwenye familia yangu. Mwaka 2021, tarehe 30 Novemba, mvulana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake wanne kwenye shule ya sekondari ya mji wa Oxford, Michigan. Bastola alinunuliwa na baba yake siku chache kabla. Asubuhi ya siku hiyo wazazi waliitwa shuleni kwa sababu ya mchoro wa kutisha aliouchora, wakaondoka bila kumchukua na bila kumwambia mwalimu kwamba nyumbani kuna bastola. Mwaka 2024 baba na mama, James na Jennifer Crumbley, walihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15 kila mmoja, kwa kuua bila kukusudia. Mama mkwe aliposikia alisikitika: "Wamepoteza mtoto, tena wanafungwa?" Mimi nasema ndiyo. Wazazi wa wale wanafunzi wanne nao walipoteza, na hawakununua bastola.

Hata hivyo kasha lenyewe halimalizi kazi. Belgrade, Serbia, Mei 2023, mvulana wa miaka 13 aliingia shuleni na silaha za baba yake na kuwaua wanafunzi na mlinzi. Polisi walieleza kwamba silaha zilikuwa kwenye sefu yenye namba. Mtoto alikuwa anaijua namba. Ukiitumia tarehe ya kuzaliwa ya mwanao, au ukibonyeza huku amesimama nyuma yako, sefu hiyo ni kabati la kawaida lenye bei kubwa.

Kwetu, Kanuni ya Adhabu inatambua kuua bila kukusudia kunakotokana na uzembe mkubwa wa mtu aliyekuwa na wajibu. Kwa hiyo mlango upo. Ninachotaka ni tusisubiri jeneza dogo ndipo tuufungue. Mzembe ajulikane mapema, na wa kumjua mapema ni wale wale waliompitisha: mtaa, kata na polisi. Mtu anapoomba, kamati imuulize nyumbani kuna watoto wangapi, wa umri gani, na wageni wa sikukuu hulala wapi. Kisha mtu aende akaone kasha, si kuambiwa. Anapohuisha leseni, aende tena. Asiye na kasha asipewe risasi hata moja. Kampuni za ulinzi nazo ziguswe, maana Arusha nimeona zaidi ya mara moja shotigani imeegeshwa ukutani nje ya duka, mlinzi amekwenda kununua maandazi, na wanafunzi wa msingi wanapita wakitoka shule.

Na polisi wanapotangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, wahubiri na wazee wa ukoo watutangazie pia, kwa ajili ya yale magobore ya marehemu babu ambayo hakuna anayekumbuka kama yana baruti ndani.

Shemeji ameagiza kasha. Anasema atalifunga kwake Dar es Salaam. Nimemuuliza la Kibosho litakuja lini, na mpaka leo naandika hajanijibu.