Mchakamchaka urudi, watoto wetu wanakaa mno

Mwanangu yuko darasa la nne hapa Dar. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kurudi nyumbani ni saa kumi na mbili jioni. Juzi nikamuuliza leo mmecheza nini, akanijibu hatujacheza mama, kipindi cha michezo tumefanya hesabu. Nikauliza wiki iliyopita je, nayo hesabu, eti sababu ya mtihani wa taifa, na mtihani wenyewe ni mpaka mwisho wa mwaka!

Yani piga hesabu mwenyewe, amekaa kwenye basi, amekaa darasani, amekaa tena kwenye basi, akifika anakaa na homuweki mpaka usingizi unamchukua. Mkononi juisi ya boksi na hela ya chipsi nimempa mimi mwenyewe sababu asubuhi ile sina muda wa kupika. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa apate walau dakika 60 kila siku za kukimbia, kuruka, kitu cha kumtoa jasho. Wangu hapati hata 10.

Alipoanza kunenepa ndugu walifurahi, shangazi yake akasema mtoto kanawiri, maisha mazuri haya, na mimi nikafurahi kwakweli. Mpaka siku nimempeleka hospitali kwa kikohozi tu, daktari akampima akasema mama, huu uzito umezidi kwa urefu wake, tukiacha hivi kisukari na presha vinaweza kumuwahi akiwa bado kijana. Nililia kwenye bajaji.

Sisi tulisoma shule za serikali mkoani, asubuhi kabla ya mstarini ni mchakamchaka, mmoja anaimbisha wengine mnaitikia chinja, shule nzima mnazunguka kijiji. Mapumziko ni rede, kuruka kamba, kombolela, mpira wa makaratasi. Sitaki fimbo za wakati ule zirudi, hapana, ila kukimbia kulikuwa kwa kila mtoto, mnene mwembamba wote mnakimbia.

Siku hizi ukiongelea michezo shuleni unaambiwa kuna UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi nchi nzima. Sawa, ni mashindano mazuri na yameibua vipaji, lakini pale wanachaguliwa wenye mbio, na yule ambae mwili wake ndio una shida, ambae wenzie wanamwita bonge, anabaki pembeni kushangilia na kushika mabegi. Huyo ndio alitakiwa awe wa kwanza kuingia uwanjani.

Na uwanja wenyewe uko wapi? Kuna shule ghorofa tatu, eneo lililobaki linapaki mabasi, watoto wanaambiwa msikimbie mtaumia. Sisi wazazi tunalipa tu, tunachouliza ni shule imekuwa ya ngapi kimkoa, sikumbuki hata siku moja nimeuliza watoto wanachezea wapi. Shule ikichukua masaa kumi na mbili ya mtoto ni lazima humo ndani apate na saa la kukimbia, maana akirudi kwangu giza ndio linaanza kuingia.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo, nimeshamwambia baba yake twende wote, swali letu moja tu, hiki kipindi cha michezo kilichoandikwa kwenye ratiba kinafanyika siku gani.