Vinasa sauti vya kutambua pomboo: tuviamini kwa kiasi gani?

Kaskazini mwa Ghuba ya California, Mexico, anaishi vakita, pomboo mdogo kuliko wote, mwenye weusi kuzunguka macho. Hakuna anayemwinda. Anakufa ndani ya majarife, yaani nyavu, yanayotegwa kwa ajili ya totoaba, samaki ambaye bondo lake huuzwa China kwa bei kubwa. Wanaojua biashara ya mabondo ya sangara Ziwa Victoria wanaelewa fedha inavyosukuma watu. Mwaka 1997 vakita walikadiriwa kuwa karibu 570. Kufikia 2015 walikuwa wamebaki kama 60.

Kuwahesabu kwa macho ni kazi ngumu, kwa kuwa hukwepa boti na huibuka kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana kuanzia 2011 watafiti, akiwemo Armando Jaramillo-Legorreta, walizamisha vitambuzi vya sauti katika vituo 46. Vitambuzi hivyo husikiliza vidoko, ile milio mifupi mikali ambayo mnyama huitoa ili mwangwi umwonyeshe samaki alipo. Chombo hakihifadhi sauti yenyewe. Kinaandika tu kidoko kilitokea saa ngapi, kilidumu kwa muda gani na kilikuwa kwenye masafa gani, yaani sauti ilitetema kwa kasi gani, kisha programu inatafuta mfululizo unaofanana na wa mnyama. Vidoko vya vakita viko karibu na kilohezi 130, ilhali sikio la binadamu linaishia kama 20. Tena vidoko hivyo vina masafa finyu. Pomboo wengine wa ghuba ile hutoa vidoko vyenye masafa mapana, hivyo si rahisi kuwachanganya.

Kwa njia hiyo ilifahamika kwamba kati ya 2011 na 2015 vakita walipungua kwa wastani wa asilimia 34 kila mwaka. Kwa darubini peke yake, sioni nani angeweza kuonyesha mporomoko huo mwaka hadi mwaka. Kwangu hii ndiyo hoja kubwa ya kuvitetea vyombo hivi.

Hata hivyo, wanaovitilia shaka hawakosei. Sauti ikishatupwa, imetupwa. Programu ikikosea leo, hakuna atakayeweza kuisikiliza upya baada ya miaka 10 kwa programu bora zaidi. Lakini kuhifadhi kila kitu nako kuna gharama yake: ukichukua sampuli 384,000 kwa sekunde, kila moja ya baiti mbili, kinasa kimoja kinajaza gigabaiti 66 kwa siku. Zidisha kwa vituo 46, kwa miezi mitatu, halafu ujiulize nani atalipia diski na betri. Mimi ningechagua njia ya kati: vitambuzi vyepesi kila kituo, na vituo vichache vinavyohifadhi sauti kamili ili kazi ya programu ikaguliwe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni namna watu wanavyousoma ukimya. Vidoko vya masafa ya juu hivyo hufifia ndani ya mita mia chache, tena vinaelekezwa mbele kama mwanga wa tochi. Mnyama akipita akiwa amekipa chombo mgongo, huenda asisikike kabisa. Wala vidoko 1,000 si wanyama 1,000. Mmoja tu anayewinda anaweza kuvitoa vyote.

Pwani yetu ina ugumu wake. Kizimkazi, Unguja, kuna pomboo wa aina mbili wanaoishi karibu na ufuo, mmoja akiwa na nundu mgongoni, na wote wanatoa vidoko vya masafa mapana. Ile tofauti iliyorahisisha kazi Mexico hapa haipo. Isitoshe, kwenye matumbawe kuna kamba wadogo wanaolipua mapovu kwa gando zao usiku na mchana, na kila mlipuko unafanana kiasi na kidoko. Programu iliyofunzwa bahari za kaskazini inaweza kutuletea pomboo wasiokuwepo, au ikawapoteza waliopo. Hilo si sababu ya kukataa vyombo, kwani majarife yananasa pomboo huku pia na tunahitaji kujua wanapita wapi na saa ngapi. Ila kabla ripoti yoyote haijatumika kufungua au kufunga eneo la uvuvi, ningetaka kuona saa kadhaa za sauti ya Kizimkazi yenyewe, zimesikilizwa na kupangwa na watu, zikilinganishwa na majibu ya programu.