Waairishi wanatembea na watoto wao, sisi Wabongo tunakutana msibani

Mwezi wa tatu tarehe 17 nilienda Fifth Avenue, New York, kuangalia gwaride la St. Patrick, mtakatifu wa Waairishi yaani watu wa Ayalandi, na toka siku ile kuna kitu kinanikaa rohoni lazima nikiseme.

Kwetu gwaride ni la serikali. Tarehe 9 Desemba, mwaka wenye gwaride la Uhuru, mizinga 21 inapigwa, Rais anakagua, jeshi linapita, sisi wananchi tuko majukwaani tunashangilia, na silisemi kwa ubaya, vijana wa JWTZ wakipiga kwata mimi mwili unasisimka mpaka leo. Hili la Waairishi ni lingine kabisa, linaendeshwa na watu wanaojitolea, lilianza 1762 yaani Marekani yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru, na magari ya mapambo hayaruhusiwi, ni mguu tu kutoka mtaa wa 44 mpaka wa 79. Kikosi cha 69 cha jeshi ndio kinatangulia na yale majibwa yao marefu ya Kiairishi, wakishapita hao wanafuata zimamoto, polisi, wanafunzi, bendi za zumari za mfuko, ngoma unaisikia mpaka kifuani.

Ila kilichonishika ni mabango ya kaunti. Kisiwa cha Ayalandi kina kaunti 32 na watu wanapita na bango la kwao, Kerry, Cork, Mayo, kama vile sisi tungepita Kigoma, Tanga, Mtwara. La Mayo lilibebwa na wanaume wawili, kamba za pembeni wameshika watoto, kabinti kamoja glovu zinamvuka, upepo unamyumbisha lakini kamba haachii. Mzee mmoja jirani yangu akaniambia ukoo wake ulitoka huko wakati wa ile njaa kubwa viazi vilivyooza shambani, 1845 na kuendelea, walikufa kama milioni moja na zaidi ya milioni wengine wakakimbia nchi. Hivi hapo ni vizazi vingapi jamani? Na walipofika hapa walidharauliwa sana, kuna matangazo ya kazi kwenye magazeti yaliandika wazi Mwairishi asiombe. Leo wajukuu wa vitukuu wao wanafunga barabara kubwa ya mji.

Sisi Wabongo wa huku Marekani, mtoto kazaliwa hapahapa, ana miaka kumi, hajui baba yake katokea wilaya gani, Kiswahili hajui na mzazi anaona sawa tu. Tunaonana msiba ukitokea, tunachanga mwili urudi nyumbani, na kwa kuchanga kwa kweli tunajitahidi mno. Lakini watoto wetu wakutane kwenye jeneza tu? Wachagga nawavulia kofia, Desemba ikifika wanapanda Moshi na familia nzima, mtoto kazaliwa Dar lakini kihamba cha babu, lile shamba la ukoo, anakijua. Sasa kwa nini tukishavuka bahari hiyo tabia inakufa?

Sio kila kitu chao nakitaka, ile pombe ya vijana toka asubuhi hapana, wengine saa sita wamelala barazani kwa watu.

UNESCO walishatupa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na nyumbani ni Sabasaba. Tuanze nayo mwaka huu, hata kwenye bustani ya mji tu, hata familia tano, kila mkoa na bango lake na watoto mbele. La Tabora nabeba mimi. Tanga yuko nani?