Kabla ya Kuchangishana Tiketi ya India, Konea Ipimwe

Tangazo la namna hii wengi wetu tumelipokea kwenye vikundi vya WhatsApp, cha ukoo au cha tuliosoma pamoja: ndugu yetu ana tatizo la macho, anatakiwa India kwa upasuaji wa leza, tunaomba mchango. Watu wanatoa, na wanatoa kwa moyo, maana macho hayachezewi. Nami hutoa. Lakini nimefika mahali siwezi kunyamaza. Fedha nyingi za leza zinakusanywa mapema mno, kabla mwenye macho hajapimwa kile kinachoamua kama leza inamfaa.

Mwanga ukiingia jichoni hupindishwa kwanza na konea, ule utando angavu wa mbele, kisha na lenzi iliyo ndani, ili utue sawasawa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Karibu theluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na konea. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukusanyika kabla ya kufika kwenye retina. Mtu anasoma simu bila shida lakini haoni daladala inayokuja imeandikwa inakwenda wapi. Jicho likiwa fupi mambo hugeuka, na kuona karibu ndiko kunakochosha. Konea ikiwa imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hiyo ni astigmatizimu: herufi zinakuwa na vivuli, taa za usiku zinachanua. Hayo matatu ndiyo ambayo leza inaweza kuyarekebisha kwa kuichonga konea.

La nne linatupata sote, tukijaliwa umri. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya ndani inazidi kukakamaa na haiwezi tena kubadili umbo lake kwa ajili ya kuona karibu. Mama aliyechambua mchele maisha yake yote anaanza kusogeza ungo mbali na uso, anasogea dirishani kutafuta mwanga, na bado wanaokula wanatafuna vijiwe. Fundi cherehani anamwita mtoto amtungie uzi. Leza inachonga konea tu, na lenzi iliyokakamaa inabaki vilevile.

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Mchukulie mtu wa miaka 47 aliyevaa miwani ya kuonea mbali tangu sekondari, namba yake ni kasoro 3 (-3). Akitaka kusoma ujumbe kwenye simu anavua miwani, anasoma. Mtu huyu akirekebishwa macho yote mawili yaone mbali, kesho yake anaona mbali vizuri kabisa, na simu aliyokuwa akiisoma kwa macho matupu haisomeki. Atanunua miwani ya kusomea. Upo utaratibu wa kuliacha jicho moja liwe la karibu na lingine la mbali, na wapo wanaoufurahia, ila wengine unawaletea kizunguzungu. Namna ya kujua ni kujaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa kwa muda, na jambo hilo linafanyika nyumbani bila kupanda ndege. Kama daktari hakukueleza haya kabla ya kukutajia bei, mtafute mwingine.

Sasa hesabu ya konea yenyewe. Katikati, konea ya mtu wa kawaida ina unene wa mikroni 540 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Katika upasuaji unaoitwa LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha mikroni 100 hadi 120, anakifunua, leza inachonga chini yake, kisha anakirudisha. Kila dayopta moja ya kutoona mbali, yaani kila namba moja ya miwani, hugharimu mikroni 12 hadi 15. Mwenye namba 4 anachongwa kama mikroni 50 au 60, na inabaki konea ya kutosha. Mwenye namba 10 huenda akachongwa 150. Ongeza kifuniko, kinachobaki kinakaribia kiwango ambacho madaktari hawakubali kukivuka, maana chini ya mikroni 250 hadi 300 konea inaweza kudhoofika na kuanza kututumka. Kwa hiyo yule ambaye miwani yake ni mizito zaidi, anayetuhuzunisha zaidi, ndiye ambaye mara nyingi leza haimfai. Huenda akafaa kuwekewa lenzi ndani ya jicho, ambao ni upasuaji mwingine, wenye gharama nyingine na hatari nyingine.

Kuna pia keratokonasi, ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka. Kwetu Afrika Mashariki tuna watoto wengi wenye mzio wa macho, wale wanaofikicha macho kutwa mpaka weupe wa jicho unageuka kahawia, na kufikicha huko kunahusishwa na ugonjwa huu. Mwenye keratokonasi hujiona ni mtu wa miwani tu: kila akipimwa namba inabadilika, astigmatizimu inapanda, na kila miwani mpya inachoka upesi. Mtu wa hivi akifanyiwa LASIK anaharibiwa. Anachohitaji huenda ni kuimarishwa konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, mapema, kabla haijachongoka zaidi. Kipimo kinachomtambua ni topografia, ramani ya konea inayopigwa kwa mashine pasipo kugusa jicho. Unakaa, unaweka kidevu, unatazama katikati ya miduara, basi.

Ndiyo maana nasema mchango wa kwanza uwe wa kipimo. Ramani ya konea, unene wake, namba ya miwani iliyotulia kwa mwaka mmoja au zaidi, uchunguzi wa machozi na wa retina. Anayevaa lenzi laini za kubandika jichoni azivue wiki mbili hivi kabla ya kupimwa, kwa sababu zinabadili umbo la konea. Kinachopimwa asubuhi baada ya kuzivua jana usiku si konea yake halisi. Aliye chini ya miaka 18 asubiri, jicho lake bado linakua. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri pia. Nairobi kuna hospitali zinazofanya leza, sembuse vipimo. Kumpeleka mtu Chennai au Hyderabad, huko India, akaambiwe konea yako ni nyembamba, rudi nyumbani, wakati nauli ya ukoo imeshateketea, ni jambo linaloniuma.

Siwasemi vibaya Wahindi. Hospitali ya macho ya Aravind ya Madurai, iliyoanzishwa na Dkt. Govindappa Venkataswamy mwaka 1976, imeufundisha ulimwengu jinsi ya kumfanyia maskini upasuaji wa mtoto wa jicho kwa gharama ndogo bila kushusha ubora. L V Prasad ya Hyderabad na Sankara Nethralaya ya Chennai ni hospitali zinazoheshimika. Kwa konea iliyoharibika au retina yenye matatizo magumu, safari inaweza kuwa na maana kubwa. Ninachopinga ni kuchanganya mambo. Mzee asiyeona kwa sababu ya mtoto wa jicho hana shida ya leza hata kidogo. Anahitaji upasuaji ambao hospitali za CCBRT na KCMC za Tanzania na Kikuyu ya Kenya zimeufanya kwa miaka mingi, na lenzi anayowekewa inamsaidia kuona mbali pia.

Na wengi, wengi mno, wanahitaji miwani tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake mwaka 2019 lilitaja watu wasiopungua bilioni 1 wenye uoni hafifu ambao ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa, na miongoni mwao milioni 826 ni wale wa kuona karibu, wa ungo na sindano. Huko Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 kwenda juu walipogawiwa miwani ya kusomea, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uchumaji wao uliwapita wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Miwani tu! Nasi tuna Kericho, tuna Mufindi. Halafu bado kuna wazazi wanaomvua binti miwani kwa kuamini kwamba inaharibu macho au itamkosesha mchumba. Miwani haiharibu macho. Mtoto anayenyimwa miwani anaambiwa mzito darasani, na ubao hajawahi kuuona.

Aliyepimwa akaonekana anafaa, na fedha anazo, aende, na ninamtakia heri. Wengi waliofanyiwa wanaridhika. Ila aulize kama bei aliyotajiwa ni ya jicho moja au mawili, maana matangazo mengi hutaja jicho moja. Ajumlishe viza ya matibabu, ya kwake na ya msindikizaji, malazi, matone ya miezi kadhaa, na fedha ya akiba endapo itabidi kuguswa tena. Bima nyingi hazilipi, zikisema huo si ugonjwa. Macho yatakauka kwa miezi ya mwanzo, na kwa wengine hali hiyo huendelea. Usiku taa zinaweza kuzungukwa na duara. Matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanaweza kupandisha presha ya macho, kwa hiyo lazima awepo daktari huku nyumbani aliyekubali kabla ya safari kumwona baada ya wiki, mwezi, miezi mitatu. Atahitaji kujikinga na vumbi, na kwa wiki za mwanzo akae mbali na bodaboda.

Arudi na karatasi zake zote, pia zile za kabla ya upasuaji: namba ya zamani, unene wa konea, ramani, mikroni zilizochongwa. Konea iliyopunguzwa hufanya presha ya jicho isomeke chini kuliko ilivyo, na glaukoma, ugonjwa unaoua neva ya kuona, inaweza kujificha humo. Miaka 20 baadaye akipata mtoto wa jicho, daktari atakayemchagulia lenzi atazitafuta namba hizo hizo. Aziombe kabla hajatoka hospitalini, apige picha, na nakala moja ampe mtu wa nyumbani amtunzie.