Bodi Haijafa, Imenyimwa Pa Kusemea

"Imekufa." Basi. Mtu wa Malindi ameandika mfumo wa NetBSD kwenye kadi, ameitia kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja, Raspberry Pi 3, amechomeka HDMI ya televisheni, kioo cheusi, na hukumu ishatoka. Bodi itatiwa droo, au itauzwa na boksi lake kwa bei ya kahawa na kashata. Umeiuliza lakini?

Kuiuliza ni waya tatu tu, kutoka pini za bodi hadi adapta ya siriali ya USB iliyochomekwa kwenye laptopu. Pini ya 6 ni ardhi, ya 8 hutoa, ya 10 hupokea. Kutoa kwa bodi kuende kwenye kupokea kwa adapta, na huku vivyo hivyo. Ukiunganisha kutoa kwa kutoa, umeweka wasemaji wawili barazani bila msikilizaji. Waya mwekundu wa volti 5 ufunge tepu uuache, bodi ina chaja yake. Adapta nayo iwe ya volti 3.3. Zile zenye jampa ya kuchagua 5 au 3.3, itazame jampa kabla hujachomeka chochote, kwa sababu pini hizi hazivumilii 5. Bandari kongwe ya DB9, ile ya pini tisa ya kompyuta za zamani, usiisogelee kabisa: umeme wake (RS-232) hupanda na kushuka pande zote mbili za sifuri. Hapo bodi hufa kweli, na hapo tu, kwa shingo upande, fundi aliyesema "imekufa" tumpe haki yake.

Adapta nayo ipimwe. Itenge na bodi, gusanisha waya wake wa kutoa na wa kupokea, kisha kwenye laptopu ya Linux andika cu -l /dev/ttyUSB0 -s 115200 (cu ni programu ya kuongea na bandari) na ubonyeze herufi zozote. Zikirudi, adapta ni nzima. Zisiporudi, zitazame ncha za waya: chumvi ya bahari yetu haina haya. (Kutoka kwenye cu ni Enter, halafu ~ na nukta. Kuna watu huzima laptopu nzima kwa kutojua hili.)

Sasa fungua sehemu ya FAT ya kadi, yenye mafaili ya kuwashia. Kwenye config.txt uwepo mstari enable_uart=1, maana kwenye Pi 3 bandari nzuri imepewa Bluetooth na ile ndogo iliyobaki huja imezimwa. Kwenye cmdline.txt utakuta console=fb. Neno hilo laiambia kaneli, kiini cha mfumo: maneno yako yote peleka kwenye kioo. Lifute, mengine yabaki vilevile kwenye mstari uleule mmoja.

Sasa kinachokera hasa. Mtu anapata takataka, alama za kuuliza na viboksi zimejaa dirisha, halafu anang'oa waya! Bwana we, takataka ni habari njema. Umeme upo, kadi imesomeka, waya umeshika; kilichokosekana ni mwendo mmoja kwa msemaji na msikilizaji, yaani biti ngapi kwa sekunde. NetBSD kwenye bodi hii husema kwa 115200, biti 8, bila pariti (biti ya ukaguzi), biti 1 ya kufungia. Wengi huja na mazoea ya 9600, kwa sababu kisakinishi cha OpenBSD, nduguye NetBSD, kwenye PC hupendekeza hiyo. Kwa 9600 biti moja ina urefu wa biti 12 za 115200, na herufi nzima pamoja na biti zake za kuanzia na kufungia ni biti 10. Yaani herufi imeshapita yote kabla msikilizaji hajamaliza kuhesabu biti moja! Bodi ina kosa gani hapo?

Yako matata mengine: mwanzo safi, takataka katikati. Bandari ndogo huchukua mwendo wake kwenye saa ya kiini cha chipu. Enable_uart=1 huifunga saa hiyo kwenye megahezi 250. Akija mjuaji na mstari wa core_freq=400 alioukopi mahali ili "iwe na kasi", 115200 yako imegeuka 184320. Ufute.

Maneno yanasomeka lakini kibodi haisikii? Kama umetumia programu ya minicom badala ya cu, ni hiyo. Inangoja RTS na CTS, ishara za kupeana ruhusa ya kutuma, na waya tatu hazina. Ctrl-A, O, mipangilio ya siriali, herufi F mpaka isome No.

Taa nyekundu ikizimazima, chaja ni dhaifu. Umeme umeshuka chini ya volti 4.63. Taa ya kijani ikipepesa mara 4, faili la kuwashia, start.elf, halikuonekana, mara 7, ni kaneli isiyoonekana.

Halafu lalamiko la saa. Pi 3 haina saa ya betri, kwa hivyo stima ikipotea na kurudi, NetBSD huamka na tarehe ya mafaili yake. Washa ntpd, inayochukua saa mtandaoni, uendelee.

Kaneli ikimaliza na pa kuingilia pasitokee, ingia kwa ssh, yaani kupitia mtandao, utazame /etc/ttys, orodha ya bandari za kuingilia. Mstari wa konsoli ukiwa off, uwe on, halafu kill -HUP 1 ili orodha isomwe upya. Ila usiwashe mistari miwili ya bandari moja: getty mbili (programu za kuuliza login:) zitagombania herufi zako, hii imekula a, ile imekula b, nenosiri sahihi linakataliwa mara tano. Na bodi ikiwa imeandika login: waziwazi namna hiyo, bado kuna atakayesema imekufa.